Chuo Kikuu Kisijisahihishie Mtihani

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama wetu mmoja, daktari mstaafu, mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, katika bwalo la shule.)



Nashukuru kwa heshima mliyonipa. Katibu aliponiandikia alisema nizungumze juu ya jambo lolote la afya, na najua wengi mlitazamia nizungumzie shinikizo la damu na sukari, maana ndiyo mazungumzo ya rika letu siku hizi. Hayo nitamwambia kila mmoja pembeni wakati wa chakula, nikishaona amejipakulia nini. Leo nimechagua swali jingine. Chuo kikuu kinapofanya utafiti juu ya miili ya watu, na utafiti huo ukaenda kombo, ni nani wa kukiuliza?

Nimechagua swali hili kwa sababu mbili. Kwanza, nimekuwa daktari kwa zaidi ya miaka thelathini, na kwa miaka kadhaa nilikaa katika kamati ya maadili ya utafiti, yaani kamati inayosoma mipango ya watafiti kabla hawajaruhusiwa kumgusa mgonjwa. Pili, nikitazama bwalo hili naona watu wanaohusika. Wapo humu waliomo katika mabaraza ya vyuo. Wapo wanasheria, wahariri na maofisa wa wizara. Wapo wazazi wanaosomesha watoto udaktari. Na wapo vijana wa kidato cha sita ambao mwakani watavaa makoti meupe.

Tulipokuwa hapa shuleni, walimu wetu walitufundisha kwa bidii, na walitupenda. Hata hivyo mtihani wa mwisho haukusahihishwa na wao. Karatasi zilifungwa kwenye bahasha, zikatiwa lakiri, zikapelekwa mbali, zikasomwa na mtu asiyetujua kwa sura wala kwa jina. Hakuna mwalimu aliyeona kwamba ametukanwa. Kila mtu alielewa kwamba anayependa shule yake hawezi kuipa alama kwa haki. Sasa ajabu ni kwamba sheria hiyo, ambayo kila mtoto wa shule anaifahamu, vyuo vikubwa vya dunia vilikaa miaka mingi bila kuifuata katika jambo zito kuliko mtihani wowote, yaani uhai wa mtu.

Nitawapa mfano mmoja na kuueleza kwa kirefu. Ni wa nchi ya Uswidi, katika mji wa Stockholm. Huko kipo chuo kikuu cha tiba kiitwacho Karolinska, kilichoanzishwa mwaka 1810. Maprofesa wake ndio wanaochagua kila mwaka mshindi wa Tuzo ya Nobel ya tiba. Nalitaja hilo ili mjue kwamba sisemi habari za chuo cha uchochoroni. Nasema habari za chuo ambacho wengine wote hukitazama kama kielelezo.

Mwaka 2010 chuo hicho kilimwajiri daktari wa upasuaji, Mwitalia, aitwaye Paolo Macchiarini, awe profesa mgeni. Na hospitali kubwa ya chuo ikamwajiri kama daktari bingwa. Sifa zake zilikuwa zimevuma. Alisema anaweza kumpa mgonjwa bomba jipya la pumzi, lile linaloshusha hewa kutoka kooni hadi mapafuni. Bomba hilo lingetengenezwa kwa plastiki, kisha lingerowekwa katika seli zilizotolewa katika uboho wa mifupa ya mgonjwa mwenyewe, ili seli zile zizae na kuligeuza plastiki kuwa kiungo hai.

Mgonjwa wa kwanza alipasuliwa mwezi wa Juni 2011. Naomba mnisikilize vizuri hapa. Alikuwa kijana wa Kiafrika, mtu wa Eritrea, mume na baba wa watoto, aliyekuwa akisoma shahada ya juu ya jiolojia katika nchi ya Iceland. Alikuwa na uvimbe wa saratani katika bomba la pumzi. Alikuwa msomi kama ninyi, aliyevuka bahari kutafuta elimu. Wapo vijana wengi wa Kenya na wa hapa kwetu waliokwenda Iceland hiyo hiyo kujifunza kuchimba mvuke wa ardhini, na pengine walikaa naye darasa moja.

Novemba ya mwaka huo huo, Macchiarini na wenzake waliandika katika jarida la The Lancet kwamba miezi mitano baada ya upasuaji hapakutokea tatizo kubwa, na mgonjwa hakuwa na dalili zozote za ugonjwa. Dunia ikashangilia. Lakini yule kijana alikuwa akirudishwa hospitali tena na tena, na mwezi wa Januari 2014 alifariki. Mgonjwa wa pili, Mmarekani, alipasuliwa Novemba 2011 naye akafariki Machi 2012. Wa tatu, msichana kutoka Uturuki, alipasuliwa Agosti 2012. Aliteseka kwa upasuaji mmoja baada ya mwingine hadi alipofariki mwaka 2017. Wengine walipasuliwa Urusi. Mmoja wao alikuwa mwanamke aliyekuwa akiishi na tundu la kupumulia shingoni baada ya ajali ya gari. Hakuwa mahututi. Naye amekufa.

Kwa nini plastiki ile haikufaa? Sitawachosha kwa somo la anatomia. Bomba la pumzi si mfereji wa maji. Lina damu inayopita ndani ya kuta zake, na limetandikwa ndani vinyweleo vidogo sana vinavyosukuma makohozi juu usiku na mchana. Plastiki haina damu wala vinyweleo. Makohozi yanakwama, vijidudu vinazaliana, mashono yanaachia. Mambo haya yangeweza kuonekana mapema kama jaribio lingefanywa kwanza kwa wanyama. Halikufanywa. Wala kamati ya maadili ya utafiti ya Stockholm haikuombwa kibali.

Hapo ndipo penye kiini cha hotuba yangu. Mtu mmoja kufanya kosa, hata kosa kubwa, ni jambo la kibinadamu. La kujiuliza ni kwamba chuo kizima chenye maprofesa mamia kilikuwa wapi.

Walipoulizwa kuhusu kibali, lilitolewa jibu ambalo kila kijana anayetaka kuwa daktari inafaa alikariri, ili siku akilisikia ashtuke. Walisema huo haukuwa utafiti. Ulikuwa tiba ya huruma kwa mgonjwa asiye na tumaini jingine. Basi kamati ya utafiti haikuhusika. Lakini matokeo ya tiba hiyo hiyo yaliandikwa katika majarida kama utafiti, yakaleta fedha za utafiti na sifa za utafiti. Hospitali ikikiangalia chuo, na chuo kikiiangalia hospitali. Mgonjwa alikuwa wa wote wawili siku ya kupigwa picha, na hakuwa wa mtu yeyote siku ya kuulizana.

Walikuwapo madaktari wanne wa hospitali ile ambao hawakunyamaza. Majina yao ni Karl-Henrik Grinnemo, Matthias Corbascio, Thomas Fux na Oscar Simonson. Hawa walikuwa wakiwahudumia wagonjwa wale baada ya upasuaji. Walilinganisha yaliyoandikwa katika majarida na yaliyoandikwa katika majalada ya wagonjwa, wakaona hayafanani. Mwaka 2014 waliandika malalamiko rasmi kwa chuo. Malipo yao yalikuwa nini? Walishutumiwa wao kwa kusoma majalada ya wagonjwa.

Chuo, kwa kuwa kelele zilizidi, kilimwomba profesa mstaafu wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Bengt Gerdin, achunguze. Mwezi wa Mei 2015 Gerdin akaleta taarifa yake: ndiyo, umefanyika udanganyifu wa kisayansi. Wazee wetu wangesema hapo kesi imekwisha. Haikwisha. Sheria ya wakati ule ilimpa Mkuu wa Chuo neno la mwisho. Agosti 2015 Mkuu wa Chuo, Anders Hamsten, akaamua kwamba hapakuwa na udanganyifu. Mtahini wa nje alitoa alama, na mwenye shule akazifuta.

Mnajua methali: kesi ya ngedere usimpelekee nyani. Simtukani mtu. Huenda Mkuu yule aliamini alichokisema. Lakini chuo chake ndicho kilichomwajiri Macchiarini, pamoja na kwamba waliowahi kufanya naye kazi walikuwa wameandika mabaya juu yake. Chuo hicho hicho kilimwongezea mkataba hata baada ya hospitali kuacha kumtumia. Kumhukumu yeye ilikuwa ni kujihukumu. Ni wachache duniani wanaoweza kufanya hivyo kwa haki, na hawapatikani kwa kutegemea bahati.

Nani basi aliyevunja ukimya? Si baraza la chuo. Mwezi wa Januari 2016 televisheni ya taifa ya Uswidi ilionyesha filamu iliyotengenezwa na mwandishi Bosse Lindquist, na wananchi wakawaona wale wagonjwa kwa macho yao. Hapo mambo yakaanguka kama nyumba iliyoliwa na mchwa. Februari Mkuu wa Chuo akajiuzulu. Machi Macchiarini akafukuzwa. Mwaka huo huo jaji mstaafu Sten Heckscher aliandika taarifa ya kukilaumu chuo vikali, na Septemba serikali ikaiondoa bodi ya chuo. Hamsten na aliyemtangulia katika ukuu wa chuo wakatakiwa kutoka katika baraza la Nobel.

Mwaka 2018 The Lancet ikaifuta ile makala ya 2011. Mwezi wa Juni 2023, mahakama ya rufani ya Stockholm ikamhukumu Macchiarini kifungo cha miaka miwili na nusu kwa kuwadhuru vibaya wagonjwa watatu. Mahakama ilisema wagonjwa wale wangeweza kuishi kwa muda usio mfupi bila upasuaji ule. Neno "huruma" halikumwokoa.

Hesabuni wenyewe. Kutoka upasuaji wa kwanza hadi hukumu ile ni miaka kumi na miwili.

Lakini naomba tusiridhike na kifungo cha mtu mmoja. Tukisema "mbaya ni yule" tutakuwa tumefunika kombe mwanaharamu apite. Jambo kubwa zaidi walilolifanya Waswidi halikupigiwa mbiu sana. Walibadili sheria. Tangu tarehe 1 Januari 2020, tuhuma za udanganyifu mkubwa katika utafiti hazihukumiwi tena na chuo chenyewe. Zinapelekwa kwenye bodi ya taifa iliyo nje ya vyuo. Yaani wameamua kwamba karatasi zitiwe lakiri na zipelekwe mbali.

Msidhani Uswidi ni peke yake. Katika New Zealand, kuanzia mwaka 1966, daktari mmoja wa hospitali ya wanawake ya Auckland, ambaye pia alikuwa profesa mshiriki wa chuo kikuu cha mji huo, aliacha kuwatibu kikamilifu wanawake wenye dalili za mwanzo za saratani ya mlango wa kizazi, kwa kuwa aliamini dalili zile hazigeuki kuwa saratani. Wanawake wale hawakuambiwa kwamba wamo katika jaribio. Wapo walioshikwa na saratani, na wapo waliokufa. Wenzake hospitalini walipinga kwa miaka mingi wasisikilizwe, hata wakaandika matokeo hayo katika jarida la kitaalamu mwaka 1984, na bado kukawa kimya. Mwaka 1987 wanawake wawili, Sandra Coney na Phillida Bunkle, wakaandika habari hiyo katika gazeti la kawaida. Ndipo serikali ilipomteua jaji Silvia Cartwright kuchunguza, naye akatoa taarifa mwaka 1988. Kutokana na taarifa hiyo nchi ile ikapata kamishna wa kutetea haki za wagonjwa, aliye nje ya hospitali na nje ya vyuo.

Nchi mbili, bahari mbili, miaka tofauti, na mwenendo ni ule ule. Wa ndani wanaona kwanza. Wa ndani wanasema. Wakubwa wanaziba masikio. Anatokea mtu wa nje, mara nyingi mwandishi wa habari, na jengo linatikisika. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na hapa kifo kilichoumbua kilikuwa cha mgonjwa, si cha mficha.

Sasa turudi nyumbani. Sisi hapa Tanzania hatuanzi na mikono mitupu. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu iliundwa kwa sheria ya mwaka 1979, na utafiti wa afya unapitia kamati ya taifa ya maadili ndani ya taasisi hiyo, mbali na kamati za vyuo vyenyewe. Hilo ni jema, na tuwashukuru waliolifikiri mapema.

Lakini kibali ni mlango tu. Nimekaa katika kamati, na najua tulivyofanya kazi. Tulisoma mpango kwa makini, tukahoji, tukarudisha hati ya ridhaa kwa sababu Kiswahili chake kilikuwa cha wasomi na si cha mama aliyekuja na mtoto mgongoni. Nakumbuka mama mmoja aliyesomewa hati kurasa nne, akauliza swali moja tu: "Nikikataa, mtoto atatibiwa?" Swali lile lilikuwa na maadili mengi kuliko kurasa zote nne. Basi tulipoitia hati muhuri, mara nyingi kazi yetu iliishia hapo. Taarifa za mwaka zililetwa na mtafiti mwenyewe, zikieleza kwamba mtafiti mwenyewe anaendelea vizuri.

Kwa hiyo, ndugu zangu, nina maombi matatu.

La kwanza ni kwa mliomo katika mabaraza ya vyuo. Mkiletewa taarifa ya fedha za utafiti, na mnaletewa kila mwaka, ulizeni pia: mwaka huu yameletwa malalamiko mangapi ya wagonjwa au ya wafanyakazi juu ya utafiti, na yalihukumiwa na nani? Mkijibiwa "hakuna hata moja", msipige makofi upesi. Chuo kikubwa kisicho na lalamiko hata moja pengine hakina mahali pa kulipeleka.

La pili ni kwa wanasheria na maofisa wa serikali. Mtu anayesema ukweli juu ya chuo chake alindwe kwa sheria kabla hajasema, si apewe pole baada ya kufukuzwa. Na hukumu ya tuhuma kubwa itolewe na chombo cha nje chenye nguvu ya kutekeleza. Gerdin alikuwa mtu wa nje, lakini hakuwa na nguvu. Mtahini asiye na nguvu ni mgeni aliyekaribishwa chai.

La tatu ni kwenu vijana. Mtakapokuwa madaktari wadogo, mkubwa wenu atawaambia, "Tia jina lako hapa, utapanda cheo." Jina katika makala ya utafiti ni saini, kama saini ya hundi. Chuo cha Karolinska kilipotoa uamuzi mpya mwaka 2018, hakikumtia hatiani Macchiarini peke yake. Kiliwatia pia wenzake kadhaa, na wengi wengine wakalaumiwa, wakiwamo baadhi ya wale waliofichua siri, kwa sababu majina yao yalikuwa yameandikwa katika zile makala. Nawaonea uchungu, maana bila wao tusingejua kitu. Lakini somo lipo: usitie jina juu ya kazi ambayo hujaiona kwa macho yako.

Sisemi haya ili watu waogope utafiti. Dawa ya malaria tunayokunywa imetokana na utafiti, na chanjo wanazopewa wajukuu zetu vile vile. Nyingine zilijaribiwa hapa hapa Afrika ya Mashariki, kwa watoto ambao mama zao walikubali. Mama akikubali anatoa mkopo wa imani, tena bila dhamana. Hajui jina la Mkuu wa Chuo. Anajua koti jeupe tu. Chuo kinachokubali mkopo huo hakina budi kuwa na mtu wa kukidai, na mtu huyo asiwe mfanyakazi wa chuo.

Ndugu Mwenyekiti, umoja wetu una watu wa kutosha kulianzisha jambo hili. Napendekeza kamati yetu iandike barua kwa kila mwanachama aliye katika baraza la chuo chochote, imwombe aulize lile swali la malalamiko katika kikao chake kijacho, na majibu yachapishwe katika gazeti hili mwaka kesho. Hata kama majibu yatakuwa mawili tu, tutakuwa tumeanza.